Mama Kopi na Penseli za Pembeni

Saa mbili kasorobo asubuhi. Fundi wa kompyuta hajafika, mlango wa ofisi ya profesa bado una kufuli, na mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na mbili ameketi peke yake katika chumba cha semina, kwenye meza ndefu inayotosha watu kumi na wanane. Anakigeuzageuza kitabu.

Anatazama jalada la mbele, anakipindua, anatazama la nyuma. Anakifungua kutoka kushoto, anasoma anachoweza kusoma, anakifunga. Anakifungua kutoka kulia, anafanya vilevile. Kisha anachukua kikaratasi cha manjano, anaandika "kushoto", anakibandika juu ya jalada, na ndipo anapowasha skana.

"Kila kitabu lazima nijue kinaanzia wapi," anasema bila kuinua macho. "Nilishaumbuka mara moja. Inatosha."

Jina lake halisi liko kwenye mkataba wa kazi, lakini ukilitaja katika jengo hili utaulizwa unamtafuta nani. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa Mama Kopi, kwa wahadhiri, kwa walinzi, kwa wanafunzi, na hata kwa mumewe akitaka kumtania.

Kazi yake ya sasa ni kupiga picha, ukurasa kwa ukurasa, vitabu mia mbili na arobaini vya shahada ya uzamili ya masomo ya dini, ili wanafunzi ambao hawaji tena darasani wavisome huko huko waliko. Alipewa miezi sita. Zimebaki wiki mbili na vitabu arobaini na vinne.

Hesabu hiyo haikubali, naye anajua kuliko mtu yeyote.

Kibanda chake kipo hatua thelathini kutoka hapo, chini ya ngazi za jengo hilo hilo. Ni chumba ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Kina mashine mbili za fotokopi, moja inayofanya kazi na nyingine inayotolewa vipuri, rafu ya karatasi, kiti kimoja cha mteja na kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo hajaing'oa kwa sababu inaziba ufa.

Kwa miaka yote hiyo utaratibu ulikuwa mmoja. Mhadhiri anamwachia sura za kitabu, wanafunzi wanapita mmoja mmoja kuchukua nakala zao. Mapadri, wachungaji, masheikh, walimu wa madrasa, masista, na kila mwaka hakukosekana mmoja asiyekuwa na dini yoyote ila anapenda ubishi. Mwanzo wa muhula alikuwa akimaliza rimu nne za karatasi kwa siku, na foleni ikifika hadi kwenye mlango wa choo cha wanaume, jambo ambalo masista hawakulifurahia.

"Ukitoa kopi miaka mingi unaijua mikono ya watu," anasema. "Simaanishi mikono hii, namaanisha miandiko. Kuna sista mmoja herufi zake zilikuwa zimelala zote upande mmoja. Kuna sheikh alikuwa hawezi kumaliza ukurasa bila kuweka alama ya kuuliza. Nikiona karatasi imeanguka kwenye ngazi, nilikuwa nampelekea mwenyewe bila kuuliza ni ya nani."

Miandiko hiyo haikubaki kwenye daftari tu. Maktaba ya programu ni ndogo, makabati matano yaliyosimama kwenye ukuta wa nyuma wa chumba hiki cha semina, na juu ya kila kabati pamebandikwa karatasi inayokataza kuandika ndani ya vitabu. Karatasi hiyo haikuwahi kumzuia mtu. Waliandika kwa penseli, pembeni mwa kurasa, mwaka baada ya mwaka, na aliyefuata alisoma na kuongeza lake.

Kisha wanafunzi wakaanza kupungua. Haikuwa kwa kukosa hamu. Wengi wa wanaotaka kusoma masomo haya ni watu wenye waumini wanaowategemea, wenye shule za kuendesha, wenye wagonjwa wa kutembelea, na si rahisi kuaga usharika mzima kwa miaka miwili ukaenda kukaa bwenini. Mwaka wa mwisho wa darasa la ana kwa ana walikuwa sita. Viti kumi na viwili vilikaa vitupu hadi profesa akaamuru vipangwe kwenye kona, vilipo hadi leo.

Uongozi ukaamua programu nzima ihamie mtandaoni. Kwa chuo uamuzi huo umezaa matunda: sasa wanafunzi ni arobaini na mmoja, wengine wakiwa mbali kwa siku nzima ya safari, na wengine nje kabisa ya mipaka. Hakuna hata mmoja anayepanda zile ngazi.

Rimu moja ya karatasi sasa inamchukua Mama Kopi wiki tatu. Wateja wake waliobaki ni walinzi wanaotoa kopi za vitambulisho na wahadhiri wawili ambao hawajakubali kwamba dunia imebadilika.

Ni profesa anayeongoza programu hiyo aliyemwita na kumweleza kwamba chuo kinahitaji mtu wa kuviingiza vitabu kwenye kompyuta. Alimwambia ukweli wote bila kuuzungusha: ni kazi ya miezi sita, theluthi mbili za malipo hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na theluthi ya mwisho hutolewa vitabu vyote mia mbili na arobaini vikiwa vimekamilika. Theluthi hiyo ilipata mwenyewe siku hiyo hiyo. Binti yake wa mwisho anasomea kazi ya maabara na amebakiza mwaka mmoja wa kulipiwa ada.

"Nilijua ninachokubali," anasema Mama Kopi. "Kila ukurasa ninaoupiga hapa, hakuna mtu atakayekuja kuutoa kopi tena pale chini. Nakifunga kibanda changu kwa mikono yangu mwenyewe. Lakini nisipoupiga mimi ataupiga mwingine, na mimi nitabaki na kibanda kile kile bila mteja. Sasa hapo utachagua nini?"

Fundi wa kompyuta, kijana mchangamfu ambaye ana jibu kwa kila swali kabla halijaisha kuulizwa, alimfundisha mashine kwa nusu saa. Kuna kitufe cha kupiga na kuna kitufe cha kusafisha. Cha kusafisha huondoa madoa, vivuli, vumbi na chochote kisicho wino wa kitabu, na ukurasa unatoka mweupe. Mkataba ulisema kurasa ziwe safi, kwa hiyo Mama Kopi alikibonyeza kila mara, na aliona fahari.

Mumewe ni seremala. Alipoona mkewe anarudi nyumbani amejifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono kwa kuvibana vitabu, alimuuliza kama vitabu vya dini navyo huwa vinakataa kutulia. Kesho yake akaja na kitu alichokiunda kwa mabaki ya mbao: kitanda kidogo cha kulazia kitabu, kimepindwa katikati, kimetandikwa kipande cha blanketi kuukuu ili mgongo wa kitabu usipasuke. Kifaa hicho hakina jina dukani. Ndani ya chumba cha semina kinaitwa kitanda cha profesa, na profesa mwenyewe hukiita hivyo.

Mambo yalikwenda vizuri kwa wiki kadhaa, hadi kikaja kitabu chenye herufi ambazo Mama Kopi hakuwahi kuziona.

Vya Kiarabu na Kiebrania havikumpa shida, maana tangu siku ya kwanza profesa alimwonyesha kwamba vinafunguliwa kutoka kulia. Hiki kilikuwa cha Kige'ez, lugha kongwe ya ibada za kanisani, na hata namba za kurasa zilikuwa za lugha hiyo hiyo. Hapakuwa na tarakimu moja ya kumsaidia. Profesa alikuwa safarini, basi akamuuliza fundi. Fundi, kama kawaida yake, alikuwa na jibu: vitabu vya herufi za kigeni vyote vinaanzia kulia.

Si kweli. Kige'ez husomwa kutoka kushoto kama Kiswahili. Mama Kopi alikipiga kitabu chote, kurasa mia tatu na sita, mwisho ukiwa mwanzo na mwanzo ukiwa mwisho, akakisafisha na kukituma.

Katika wanafunzi arobaini na mmoja, anayekihitaji kitabu hicho ni mmoja tu. Ni shemasi anayehudumu katika kanisa dogo la mbali, mahali ambapo mtandao unapatikana upande mmoja wa uwanja na simu ndiyo kompyuta yake. Kwa wiki tatu alikuwa akisubiri kurasa mia tatu zifunguke ili aufikie ukurasa wa kwanza, ambao ulikuwa mwishoni kabisa mwa faili, kisha anasoma akirudi nyuma. Kifurushi cha intaneti cha wiki kilikuwa kikiisha kwa siku mbili.

Siku ya zamu yake ya kuwasilisha mbele ya wenzake, faili likagoma kufunguka. Kwenye kioo cha kompyuta ya profesa shemasi alionekana amekaa kimya, akiangalia chini. Profesa akachukulia kwamba hakujiandaa, akampa onyo mbele ya darasa zima. Ni baada ya hapo ndipo shemasi alipoandika barua fupi ya kuomba radhi, na katika mstari wa mwisho, kwa adabu zote, akauliza iwapo huo utaratibu wa kusoma kutoka mwisho utaendelea muhula mzima.

Mama Kopi alipopewa habari hizo alikaa kwenye kiti akashika tama. Kisha akampigia simu mwenyewe.

"Wiki tatu, shemasi? Wiki tatu unasoma kinyumenyume na hukusema?"

"Mama, nilidhani chuo ndicho kilichoamua," akajibu. "Nikajisemea, labda masomo ya mtandaoni ndivyo yalivyo. Sikutaka nionekane mjuaji."

Mama Kopi anasimulia sehemu hiyo huku akicheka na kutikisa kichwa. Siku yenyewe hakucheka. Alimwomba msamaha, akamwahidi kwamba kabla ya jioni atakipiga upya, na alikuwa tayari kukata simu.

Shemasi akamzuia. La kurasa kugeuka alikuwa amelizoea, alisema. Kilichomkosesha raha kilikuwa kingine.

"Penseli imekwenda wapi, mama?"

Hakumwelewa, ikabidi shemasi aeleze. Kabla programu haijahama aliwahi kusoma muhula mmoja chuoni hapo, na kitabu hicho alikishika kwa mikono yake. Pembeni kulikuwa na maandishi madogo ya mtu asiyemfahamu, wa miaka ya nyuma, aliyekuwa ametafsiri kila neno gumu kwa Kiswahili. Mahali pamoja, chini kabisa ya ukurasa, mtu huyo alikuwa ameandika: "Hapa pumzika kwanza, unaofuata ni mgumu."

"Huku niko peke yangu," shemasi akasema. "Sina hata mmoja wa kumuuliza. Yule wa penseli ndiye aliyekuwa darasa langu."

Baada ya simu, Mama Kopi alikwenda kabatini akakitoa kitabu. Maneno yalikuwepo, kama alivyoelezwa. Akafungua faili kwenye kompyuta. Ukurasa ulikuwa mweupe pee.

Alitumia siku mbili kuvipitia vitabu alivyokwisha kuvipiga. Vilikuwa mia moja na viwili. Katika hivyo, hamsini na saba vilikuwa na penseli, na vyote alikuwa amevisafisha kwa ule ufundi aliokuwa akijivunia.

"Roho iliniuma," anasema. "Watu wale nawajua. Yule sista wa herufi za kulala, nimemfuta. Sheikh wa maswali, nimemfuta na maswali yake yote. Na hakuna aliyekuja kulalamika isipokuwa mmoja, kwa sababu wengine hawajui kwamba kulikuwa na kitu."

Kuvirudia vitabu hamsini na saba ni kazi ya wiki sita. Wiki hizo sita hazimo kwenye mkataba. Kuzichukua ni kukubali kwamba idadi haitatimia, na idadi isipotimia theluthi ya mwisho inabaki chuoni.

Akaenda kwa profesa. Profesa, ambaye mezani kwake kulikuwa na taarifa tatu za kuandikia kamati, alimsikiliza akiwa amesimama. Alikuwa na hoja, na hazikuwa za kijinga. Kamati iliidhinisha kurasa safi. Kuandika kwenye kitabu cha chuo ni uharibifu, na haipendezi chuo kuonekana kinausambaza uharibifu huo kwa wanafunzi arobaini na mmoja. Zaidi ya yote, hakuwa na fedha wala muda wa kumwongezea.

Mama Kopi hakubishana. Alikuwa amebeba kitabu kimoja chenye jalada la bluu kuhusu nadharia za dini, akakiweka juu ya zile taarifa na kukifungua ukurasa wa themanini na nane.

"Huu mkono wa nani, profesa?"

Pembeni, kwa penseli iliyokandamizwa kwa hasira, palikuwa pameandikwa: "Sielewi hata kidogo. Nimuulize nani?" Chini yake, kwa mwandiko mwingine wa miaka ya baadaye: "Hata mimi. Tuko wawili." Na chini zaidi, kwa herufi zilizolala upande mmoja: "Watatu. Tazama uk. 112."

Profesa alivua miwani. Miaka kumi na saba iliyopita alikuwa mwanafunzi wa programu hii hii, akisimama kwenye foleni ya kibanda cha chini ya ngazi kama wengine, na mwenye kibanda hakuwahi kuusahau mwandiko wake, ule wa kwanza.

"Huo ukurasa wa mia moja na kumi na mbili niliugundua nikiwa nimeshafeli mtihani," akasema hatimaye, akacheka hadi katibu wake akachungulia mlangoni.

Alikubali penseli zirudi. Kuhusu muda na malipo hakumficha: atalipeleka suala hilo kwenye kamati, lakini hawezi kuahidi kitu ambacho hakipo mkononi mwake. Mama Kopi anasema alimshukuru kwa hilo kuliko kama angempa matumaini ya bure.

Nyumbani habari hazikupokelewa kwa vigelegele. Mumewe alitaka kujua ni nani hasa aliyemlazimisha kurudia kazi ambayo chuo kilishaipokea na kuiridhia. Mama Kopi alimjibu kwamba fundi wa mbao akijua kiti alichouza kina mguu uliolegea, hasubiri mteja aanguke. Asubuhi iliyofuata mzee aliamka mapema akamchemshia maji ya kuoga, jambo ambalo katika nyumba hiyo huhesabika kama kusaini mkataba.

Binti ndiye aliyekuwa mgumu kumwambia, kwa sababu ada ni yake. Mama Kopi alimweleza yote wakiwa wanakunja nguo. Binti alikunja shuka mbili kwanza.

"Nikikosa nitaahirisha mwaka, mama," akasema. "Ila ukiviacha vile utakuwa unavilalamikia kila siku, na anayekusikiliza ni mimi."

Tangu siku hiyo Mama Kopi hufika saa moja na nusu badala ya saa tatu, na Jumamosi hapumziki. Vyote hamsini na saba ameshavirudia. Vipya navyo anaendelea navyo, kitufe cha kusafisha akiwa amekifunika kwa plasta ya kidonda ili kidole kisipotee njia. Fundi wa kompyuta, ambaye jengo zima sasa linamwita Bwana Kulia, humpokea kazi saa sita mchana ili apumzishe mgongo. Alikuja kuomba radhi mwenyewe, na siku hizi akiulizwa jambo asilolijua hukuna kichwa kabla ya kujibu. Mama Kopi anasema hayo ni maendeleo.

Majibu kutoka kwa wanafunzi yalikuja moja moja. Mchungaji mmoja aliandika kuuliza kama kuna anayemjua aliyeandika "uongo!" mara nne kwenye kitabu cha historia, kwa sababu angependa wafahamiane. Mwanafunzi mwingine alitaka kujua kama na yeye anaweza kuandika pembeni.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima Mama Kopi raha. Kwenye simu huwezi kushika penseli. Ukurasa uliopigwa picha umeganda. Waliokwisha kuandika wameandika, na wanaokuja hawana pa kuweka lao.

Basi alifanya kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Alichukua sura moja ya kitabu kuhusu funga katika dini mbalimbali, kurasa ishirini na nne, akaichapisha pale kibandani kwa karatasi zake mwenyewe. Maandishi aliyabana katikati na pembeni akaacha nafasi pana, vidole vinne kila upande. Akaijalidi ikawa kijitabu, akatumbukiza penseli moja ndani ya bahasha, na akamtumia sista mmoja wa hospitali ya mbali kwa gari la mizigo, pamoja na maagizo mafupi: soma, andika, mpelekee anayefuata. Aliyefuata alikuwa ustadh wa madrasa. Wa tatu alikuwa shemasi, ambaye ndiye aliyetakiwa kukirudisha.

Kijitabu kilirudi baada ya siku ishirini na sita. Kilikuwa na alama ya duara la kikombe kwenye jalada, na kila mmoja wa watatu hao, walipoulizwa, alisema alikikuta hivyo hivyo.

Ndani, ukurasa wa tisa, sista ameandika: "Na anayeshinda njaa bila kupenda, naye amefunga?"

Chini yake ustadh amejibu: "Funga ni nia, Sista. Huyo hakufunga. Huyo tumemwacha."

Na shemasi, kwa mshale mrefu unaowaunganisha wote wawili: "Basi swali ni letu, si lake."

Watu hao watatu hawajawahi kuonana uso kwa uso. Mama Kopi anasema aliusoma ukurasa huo mara tatu akiwa amesimama kibandani, na mlinzi aliyekuja na kitambulisho chake ikabidi akohoe.

Alikiingiza kijitabu kwenye skana siku hiyo hiyo, na kila mwanafunzi akakipata. Profesa naye alikisoma, na safari hii hakuzungumzia uharibifu. Aliandika pendekezo kwa kamati, ambayo itakaa wiki ijayo: kila somo liwe na kijitabu kimoja cha kuzunguka kila muhula, na chuo kiwe na mtu wa kuchapisha, kutuma, kupokea na kuingiza kwenye kompyuta. Pendekezo hilo halitaji jina la mtu huyo.

"Mimi jina nalijua," anasema Mama Kopi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaweka kalamu chini. "Mashine ninayo, karatasi ninazo, na magari ya mizigo nimeshayajua. Masomo kumi na moja, kila moja na kijitabu chake. Si rimu nne kwa siku. Lakini ni kazi, na ni kazi ambayo kompyuta haiwezi kuninyang'anya, kwa sababu tumeianza kwa kuikwepa hiyo kompyuta."

Kuhusu theluthi ya mwisho hajui. Akienda kwa mwendo alio nao, siku ya mwisho itamkuta na vitabu kama kumi na nane kabatini. Kamati inaweza kuhesabu mia mbili na ishirini na kitu, au inaweza kuhesabu na vile hamsini na saba alivyovipiga mara mbili. Alichoamua ni kwamba vyovyote itakavyokuwa atavimalizia, awe na mkataba au asiwe nao, akija saa za asubuhi kabla ya kufungua kibanda.

"Siwezi kuviacha kumi na nane vikae gizani peke yake," anasema. "Humo namo kuna watu."

Saa sita inakaribia. Bwana Kulia ameshaingia na anavuta kiti. Kabla ya kumpisha, Mama Kopi anakwenda kwenye kabati la tatu na kukitoa kile kitabu cha Kige'ez. Faili lake lilishanyooshwa zamani na shemasi ameshawasilisha na kufaulu, kwa hiyo hakuna kazi iliyobaki humo. Anakilaza kwenye kitanda cha mbao na kukifungua ukurasa mtupu wa mwanzo, ule wa mwanzo kweli.

Katika miaka kumi na tisa amenakili maandishi ya pembeni ya watu wasiohesabika. Yeye mwenyewe hajawahi kuandika hata herufi moja kwenye kitabu cha chuo. Anachonga penseli, anapuliza vumbi lake, na anaandika polepole, kwa mwandiko wa mviringo ambao wanafunzi wa zamani wangeutambua kutoka kwenye kibao cha bei za kopi:

"Kitabu hiki kinaanzia hapa. Niliambiwa ni kule, nikaamini, na mtu mmoja akataabika wiki tatu. Wewe angalia kwanza mwenyewe. Ni mimi, Mama Kopi, wa chini ya ngazi."

Anausoma mara moja, anahakikisha plasta bado iko juu ya kitufe, na anaupiga picha.